Msimu Haungoji Fedha
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wakulima wa Sigino, Babati)



Sisi wa Babati twaijua faida ya utafiti. Kuanzia mwaka 2012 wataalamu wa mradi wa Africa RISING walijaribu mbegu na mbolea katika mashamba ya wilaya yetu. Fedha zilitoka Marekani.

Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya maendeleo ya nchi za nje kwa siku 90, ipate kuichunguza. Ofisini siku 90 ni barua tu. Shambani mahindi hupandwa, hupaliliwa na kubeba. Jaribio lisilopimwa kwa wakati wake limepotea.

Hatuwalaumu wageni. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tunayo taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, TARI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Lakini mwaka wa fedha wa Serikali yetu nao huisha tarehe 30 Juni, na mara nyingi mbaazi zetu zingali shambani.

Kwa hiyo twataka fedha za kila jaribio zitengwe tangu kupanda hata kuvuna, zisiguswe bajeti inapobanwa kwa muda. Na tuwaambie hivyo wabunge wetu kabla bajeti haijapitishwa.