Tusomeshe Watu Kabla ya Kununua Kompyuta

Hotuba kwa wajumbe wa kamati za sharika za Handeni na Korogwe pamoja na wafadhili





Katika maombi yanayotufikia kutoka sharika zetu, ombi la kompyuta halikosi. Leo tunapenda kulizungumzia, lakini kwa kuuliza kwanza: nani ataitumia, nani ataitengeneza ikiharibika, na kijana wetu akasomee wapi kazi hiyo?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la siku hizi linazidi kuhamia kwenye kompyuta. Takwimu ambazo muuguzi wa zahanati anaziandika katika vitabu vya MTUHA huishia katika mfumo wa kompyuta wa taifa. Chama cha akiba na mikopo, kamati ya maji, shule na ofisi ya usharika, wote wana hesabu na majina ya watu. Kosa la daftari huumiza mtu. Mjane ambaye marejesho yake hayakuandikwa atadaiwa mara ya pili.

Elimu tunayoizungumzia ni ya mifumo ya taarifa ya kompyuta, ambayo vyuo vingi huiweka chini ya teknolojia ya habari. Wengi hudhani ni kujifunza kuchapa barua. Kuchapa hufundishwa kwa wiki chache. Mwanafunzi wa shahada anafundishwa kuuliza: taarifa hii inatoka kwa nani, inapita wapi, nani ana haki ya kuisoma, na nani ataamua jambo kwa kuitegemea? Ndipo anajifunza kuunda hifadhidata, kuandika programu, kuunganisha mtandao na kuulinda.

Nchi yetu ilishajifunza somo hili kwa gharama. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya kuweka hesabu za Serikali kwenye kompyuta ilikwenda vibaya, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Mashine zilikuja kabla ya watu wetu wa kuzimudu.

Mfano mwema tunao ndani ya Kanisa. Mwaka 2007, Chuo Kikuu Kishiriki cha Iringa, kilichokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini cha KKKT na ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Joensuu cha Finland. Walioiandaa waliona kwamba mtaala wa nchi tajiri hautoshi. Kule mmoja huandika programu, mwingine hushughulikia mtandao, na mwingine hutengeneza mashine. Kwetu, mhitimu akiajiriwa katika hospitali ya wilaya, yeye ndiye fundi, ndiye mwalimu wa wenzake, na ndiye mshauri wa manunuzi. Kwa hiyo walitilia mkazo kazi za mikono, matengenezo, na matatizo halisi ya mazingira yetu kama vumbi, virusi na umeme usiotulia.

Tunayajua hayo. Kituo cha Hale, wilayani Korogwe, kimekuwa sehemu ya historia ya umeme wa nchi hii tangu mwaka 1964, lakini hata penye nguzo umeme hukatika. Mtaalamu asiyejua kulinda mashine na kutunza nakala ya kumbukumbu hatatufaa.

Chuo kidogo kina faida zake. Mwalimu humjua mwanafunzi kwa jina, na anayebaki nyuma huonekana mapema. Kina upungufu wake pia: walimu na vifaa vya maabara si vingi, na ada ikichelewa chuo kizima hutikisika. Kabla ya kumpeleka kijana popote, kamati ihakikishe kwamba chuo na kozi vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu.

Swali gumu ni hili: tukimsomesha, atarudi? Kijana akipita Mkata, Chalinze na Morogoro hadi Iringa, akakaa huko miaka kadhaa, kisha akakuta nyumbani hakuna kazi wala mshahara, atabaki mjini, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Kurudi kwake kunaandaliwa na sisi. Usharika mmoja hauwezi kumwajiri mtaalamu peke yake. Sharika kadhaa, zahanati na shule zikichangia kwa pamoja zinaweza.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne.

Kwanza, tuwatie moyo vijana, hasa wasichana, wasiikimbie hisabati wala kuacha fizikia wanapoingia kidato cha tatu. Mlango wa chuo hufungwa hapo, wazazi wakiwa hawana habari.

Pili, mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi, iliyoanza kazi mwaka 2005, hauwafikii wote, na anayeupata huenda usimtosheleze. Tuhesabu mapema nauli, chakula, vitabu na kompyuta yake ya kujifunzia. Mjenzi wa mnara katika Luka sura ya 14 alikumbushwa kuketi na kuhesabu gharama.

Tatu, wakati wa mafunzo kwa vitendo mwanafunzi apewe daftari moja linalotusumbua hapa nyumbani, alishughulikie pamoja na wenye daftari.

Nne, tulinde taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatugusa nasi tunaotunza majina na picha za watoto wanaofadhiliwa, wawe Wakristo au Waislamu.

Wafadhili wetu, tunawashukuru kwa kila mlichotoa. Tunawaomba kwa heshima: kabla ya kutuma kompyuta zilizotumika, mfikirieni kwanza mtu wa kuzitunza. Nanyi wanakamati, mkutano ujao kila usharika uje na mambo matatu: daftari linalowasumbua, jina la kijana anayefaa, na kiasi ambacho ninyi wenyewe mtachangia. Tutaanza na kile mtakacholeta.