Wataalamu Wakutane Kabla ya Mazishi



Kenya haijawahi kukosa wataalamu wa kuchunguza ghasia. Baada ya mapigano ya kikabila ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, kamati teule ya Bunge chini ya Kennedy Kiliku ilitoa ripoti mwaka 1992. Jaji Akiwumi akakamilisha yake mwaka 1999. Mwaka 2008 ikaja Tume ya Jaji Philip Waki, na Mei 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikakabidhi majuzuu yake. Kazi hiyo yote ilikuwa ya lazima. Hata hivyo, kila mara wataalamu walikutana watu wakiwa wameshazikwa. Hoja yangu jioni hii ni moja: ujuzi huohuo ukutanishwe mapema kwenye meza moja, wakati chuki ingali maneno, na meza hiyo isiachiwe wasomi peke yao.

Tuanze na jeraha letu wenyewe. Kwa hesabu ya Tume ya Waki, ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133, na 405 kati yao waliuawa kwa risasi. Kule Kiambaa, karibu na Eldoret, kanisa walimojihifadhi wanawake na watoto lilitiwa moto tarehe 1 Januari 2008. Mamia ya maelfu ya Wakenya wakawa wakimbizi wa ndani. Tume ilibaini jambo linalopaswa kutunyima usingizi: dalili zilikuwepo, na taarifa za ujasusi zilikuwa zimekusanywa, lakini vyombo vya usalama havikuzifanyia kazi ipasavyo.

Tafakarini maana yake. Chifu hujua ni boma gani limepokea vipeperushi vya kuhama. Muuguzi huona majeraha ya panga kabla gazeti halijaandika. Mtangazaji wa redio ya lugha ya mama husikia hasira za wasikilizaji wanaopiga simu. Mwanahistoria anajua shamba gani katika Bonde la Ufa lina mgogoro uliorithiwa tangu ukoloni. Mwanaisimu anajua kwamba mwanasiasa anaposema "madoadoa" au "kwekwe" jukwaani, umati unaelewa ni jirani gani anayetakiwa kung'olewa. Ndiyo maana mwaka 2022 Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano iliyaorodhesha maneno hayo miongoni mwa yale ya uchochezi. Kila mmoja ana kipande chake cha ukweli. Pasipo mahali pa kuviunganisha, vipande hivyo havimwokoi mtu.

Mfano wa kuviunganisha tunao, na haukutoka chuoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wajir iliteketea kwa vita vya koo, Wadegodia, Waajuran na Waogaden wakiuana huku ukame ukiwamaliza mifugo. Mwaka 1993 kikundi cha wanawake, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, kilianzia sokoni. Walikubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue bila kubughudhiwa, wakaweka watu wa kulisimamia soko na kumaliza ugomvi ungali mdogo. Kisha wakawaendea wazee. Wazee wa koo ndogo, zisizokuwa vitani, wakasaidia kuwaketisha wale wa koo kubwa, na mapatano ya Al Fatah yakapatikana mwaka huohuo. Vijana, wafanyabiashara, viongozi wa dini na maafisa wa serikali wakaingia. Mwaka 1995 juhudi hizo ziliunganishwa chini ya Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, ndani ya utawala wa wilaya, ikiwa na kikosi cha kukimbilia mahali fukuto linapoanza. Kamati za amani zilizoenea nchini baadaye zilijifunza kutoka hapo.

Wajir ilifaulu kwa sababu anayejua na anayeweza kutenda walikaa pamoja. Mwaka 2010, kuelekea kura ya maoni ya Katiba, jukwaa la Uwiano lilifuata njia hiyo: mwananchi alituma ujumbe bila malipo kwa nambari 108, taarifa ikapelekwa kwa kamati za amani na vyombo vya usalama. Kura ilipigwa tarehe 4 Agosti, na Bonde la Ufa halikurudia yale ya 2008.

Sasa niseme na wanataaluma wenzangu bila kuficha. Elimu peke yake si kinga. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio ya RTLM iliyochochea mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, alikuwa mwanahistoria na mhadhiri wa chuo kikuu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi Arusha, ilimtia hatiani mwaka 2003. Léon Mugesera, aliyetoa hotuba ya uchochezi kule Kabaya Novemba 1992, alikuwa msomi wa isimu. Kwa hiyo mtaalamu naye lazima aketi mbele ya watu wanaoweza kumwambia hapana: mama wa sokoni, imamu, mchungaji, mzee wa mtaa.

Wapo wanaohofu kwamba meza kama hii itageuzwa kuwa rungu la kuwanyamazisha wakosoaji wa serikali. Hofu yao ni ya haki. Mpango wa Rabat wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2012 unatupa mizani sita kabla neno halijaitwa jinai: muktadha, msemaji, nia, maudhui na namna ya kusema, upana wa kuenea, na uwezekano wa madhara. Mwananchi anayemkemea rais kwa ukali hatafungwa kwa mizani hii. Mbunge anayewaambia vijana wenye mapanga wawafukuze majirani hatapona.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kaunti iwe na meza ya kudumu, inayokutana mwaka mzima na si msimu wa kampeni tu. Pili, polisi na utawala wakipokea onyo, walazimike kueleza kwa maandishi walichofanya; wale 405 waliouawa kwa risasi wanatudai uwajibikaji huo. Tatu, vyuo vikuu vitoe wanaisimu, wanahistoria na madaktari wao kwa meza hizo bila kungoja fedha za wafadhili.

Kwa mujibu wa Katiba, uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Makamu Mkuu wa Chuo, wahadhiri, wanafunzi: tuziunde meza hizi sasa, tukiwa na amani. Kenya haihitaji tume nyingine ya kuhesabu wafu.