Wageni, Mikono na Kidonda cha Moto



Mtoto akimwagikiwa chai ya moto, nyumba hujaa watu kabla ya Magharibi. Shangazi, majirani, wazee, kila mmoja anataka kumshika na kumwombea dua. Ni desturi njema, na hakuna anayeomba iachwe. Lakini ngozi iliyoungua ni kama zizi lililobomoka ua. Vijidudu vya mikononi, vya nguo na vya maji machafu huingia bila kizuizi. Wengi wa wanaofariki baada ya siku chache za kwanza huuawa na maambukizi, si na moto wenyewe.

Basi mgeni anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumkaribia mgonjwa, asikae kitandani, wala asifunue kitambaa ili aone. Mwenye kikohozi au jipu aombe dua akiwa mlangoni. Maji ya boza ni ghali, inaeleweka. Kibuyu chirizi kando ya mlango hutumia maji kidogo sana.

Mtu akiungua, mmwagilieni maji safi yasiyo ya barafu kwa dakika 20, kisha mfunike kidonda kwa kitambaa kilichofuliwa kikakauka. Msipake dawa ya meno, majivu, unga wala yai. Msipasue malengelenge. Wapo pia wanaofungua kapsuli za antibiotiki za dukani na kunyunyiza unga wake kidondani. Unga huo hugandamana na usaha, humfichia muuguzi hali halisi na huwazoesha vijidudu dawa.

Safari ya kutoka Banissa au Takaba hadi hospitali ya rufaa ni ndefu na ina vumbi, kwa hiyo kidonda kisisafiri wazi. Mkifika, ulizeni kuhusu chanjo ya pepopunda.

Mgonjwa akirudi nyumbani, abadilishiwe bandeji na mtu mmoja au wawili waliofundishwa na muuguzi. Wanawe kabla na baada, hata wakivaa glavu. Glavu iliyotoa bandeji chafu isiguse kidonda kilichosafishwa. Chandarua huzuia nzi. Maziwa ya ngamia yaliyochemshwa, mayai, maharagwe na nyama humpa mwili nguvu ya kujenga ngozi mpya.

Homa, wekundu unaosambaa, harufu mbaya, bandeji yenye rangi ya kijani, au mtoto kukataa kunyonya: mrudisheni kituo cha afya usiku huohuo, bila kungoja siku ya kubadilisha bandeji.