Mashini Mpya na Unga Wetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Dallas, Embu)



Tumeombwa tuseme juu ya mashini mpya na maisha ya kesho. Sisi si wataalamu. Sisi ni watu wa reli, na elimu yetu ni ya shule ya msingi ya misheni. Hata hivyo, reli haikufika Embu lakini mabadiliko ya reli tumeyaona kwa macho.

Wazee waliotufundisha kazi walitusimulia habari za stimu. Kuanzia mwaka 1955 Reli ya Afrika Mashariki ilipokea Garratt kubwa 34 za aina ya 59. Zilipewa majina ya milima, na moja iliitwa Mount Kenya, mlima wetu huu. Garratt ilitaka dreva, mtunza moto, fundi wa boila na watu wa maji njiani. Halafu dizeli ikaja. Dizeli haina moto wa kutunzwa. Aliyefundishwa dizeli alibaki kazini. Asiyefundishwa alirudi shambani, ingawa hakuwa mvivu.

Tarehe 31 Mei 2017 reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa. Safari ya usiku kucha ikawa ya saa tano hivi. Mwaka 2024 ndugu zetu wa Tanzania walianza kusafiri kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Na umeme sisi tunao jirani: Kindaruma tangu 1968, Masinga tangu 1981, Kiambere tangu 1988, yote katika Mto Tana. Siku treni ya umeme itakapofika Kenya, huenda itavutwa na maji ya kwetu. Ni jambo la fahari. Lakini fundi wa dizeli siku hiyo atafanya nini?

Swali hili si la reli tu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa zimehamia katika simu. Mtoto akiwa Nairobi humtumia mama yake karo na mama hapandi matatu kuzifuata. Ni faida kubwa. Lakini juzi hapa Dallas tulimwona mama muuza ndizi amesimama kando ya matatu, simu imezima, na nauli yote imo ndani. Tulimlipia. Mashini ikizima, mtu humhitaji mtu. Sasa imekuja na akili unde, kompyuta inayoandika barua na kujibu wateja. Karani naye ameanza kuwaza kama mtunza moto alivyowaza.

Je, tuzivunje? Mei 2023 huko Kericho watu walichoma mashini za kuchumia chai. Uchungu wao tunauelewa, maana ni unga wa watoto. Lakini mashini ikichomwa hununuliwa nyingine, na aliyechoma hupelekwa kortini.

Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 40, inasema mwajiri akitaka kupunguza watu lazima aarifu chama na afisa wa kazi mwezi mmoja mbele au zaidi, na alipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia kazini. Kila mmoja aijue. Lakini tazameni: mwezi mmoja hautoshi mtu kujifunza ufundi mpya. Kwa hiyo chama kiombe mambo matatu yaandikwe katika mapatano yetu. Kwanza, tuambiwe mashini ikiwa bado inaagizwa, si ikiwa imeshafungwa. Pili, mafunzo yatolewe wakati wa kazi na kwa mshahara, na wazee wasirukwe. Tatu, faida ya mashini ionekane pia katika mishahara na saa zetu.

Kila tawi lianze sasa kuandika nani anajua kazi gani na nani anataka kujifunza nini. Orodha hiyo iwe mkononi mwa katibu kabla ya mazungumzo, maana asiyejua haja yake hawezi kuidai.

Umoja ni nguvu.