Dhamana ya Chombo Kipya si Hisani ya Muuzaji

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Umma, Umwe, Rufiji)

Mada niliyopewa leo ni utunzaji wa mali. Juu ya wajibu wa mwenye mali mmekwisha kuhutubiwa mara nyingi: kumwaga oili kwa wakati, kutopakia kupita kiasi, kuwa na daftari la safari. Mimi nataka kuzungumzia wajibu wa aliyeiuza mali hiyo, pale gari au pikipiki mpya inapoharibika ikiwa bado ndani ya muda wa dhamana, ile ambayo wengi wetu huiita garantii.

Pengine mtu atasema kuwa hayo ni mambo ya matajiri wa mjini. Sivyo hata kidogo. Ni kweli kwamba magari mengi yanayoingia nchini mwetu yamekwisha kutumika huko Japani, na gari jipya kabisa hununuliwa zaidi na Serikali, mashirika na miradi. Lakini gari la Serikali ni letu sote. Tena mwananchi wa kawaida naye siku hizi hununua chombo kipya: pikipiki au bajaji, kutoka India au China. Mwalimu wa Umwe anayekatwa mshahara kila mwezi kulipia pikipiki yake ana dhamana mkononi sawasawa na Wizara yenye magari mia.

Kwa nini basi dhamana hiyo haimsaidii? Kwa maoni yangu sababu moja imo katika historia yetu. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, magari yaliagizwa kwa usimamizi wa Serikali, fedha za kigeni zilikuwa haba, na hata tairi au betri ilipatikana kwa kibali. Aliyeuziwa gari alijihesabu kuwa mtu mwenye bahati, na mwenye bahati haulizi masharti. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na tangu hapo vyombo vimekuwa vingi kuliko barabara. Hata hivyo tabia ya kushukuru kuuziwa tumebaki nayo. Mnunuzi anatoa mamilioni yake, kisha anasimama dirishani kwa unyenyekevu kama mtu aliyekuja kuomba msaada.

Nitawapa kisa cha mwalimu mmoja, ambacho kwa ridhaa yake nakisimulia bila kumtaja yeye wala muuzaji. Alikopa katika chama cha kuweka na kukopa, akanunua pikipiki mpya Dar es Salaam, dhamana yake mwaka mmoja. Mwezi wa pili injini ikaanza kuvuja oili. Fundi wa hapa Ikwiriri alimwambia kuwa ni kazi ya saa moja, kubadili sili tu. Lakini hati ilisema wazi kwamba injini ikifunguliwa na fundi mwingine, dhamana imekufa. Basi akaipakia juu ya Fuso, akalipia mzigo, akalipia nauli yake, akamwomba mwenzake amshikie vipindi.

Karakana wakamwambia aiache. Baada ya wiki mbili wakamwambia spea imeagizwa. Aliporudi mara ya tatu alikabidhiwa pikipiki yake, na kabla hajafika Kibiti oili ilikuwa ikidondoka tena. Safari ya nne akapewa jibu jipya kabisa: chombo hiki kimepitishwa majini, na madhara ya maji hayamo katika dhamana.

Hebu fikirini. Mtu wa Rufiji anaambiwa kuwa hakutakiwa kupita majini! Hili ni bonde la mto. Aprili 2024 mafuriko yaliikumba Rufiji na jirani zetu wa Kibiti, na hata katika mwaka wa kawaida masika hayaombi ruhusa kwa mtengenezaji wa pikipiki. Muuzaji alijua anamuuzia nani, kwa maana anwani ya mnunuzi iliandikwa kwenye stakabadhi. Sikatai kuwa injini iliyozama mtoni si kosa la kiwanda. Lakini sili iliyovuja mwezi wa pili, wakati wa kiangazi, haiwezi kusingiziwa masika yaliyofuata.

Lililonikera zaidi ni hesabu ya siku. Pikipiki ile ilikaa karakana karibu miezi miwili kwa jumla. Katika miezi hiyo makato ya mkopo hayakusimama, na dhamana nayo iliendelea kuliwa kana kwamba chombo kilikuwa barabarani. Kadiri muuzaji anavyochelewa kutengeneza, ndivyo mzigo wake unavyopungua. Mpango wa namna hiyo unamzawadia mzembe. Na mwalimu wetu alipotaka kuonyesha kuwa lawama yake ilianza mwezi wa pili, hakuwa na karatasi hata moja. Kila mara alipokelewa kwa mdomo na kuagwa kwa mdomo.

Ni haki pia kuusikiliza upande wa pili. Mafundi wa karakana hupokea pikipiki zilizobeba abiria watatu na gunia la mkaa juu yake, zilizokaa bila kubadilishwa oili, au zilizofunguliwa vichochoroni na kurudishwa bolti zikiwa pungufu, na mwenyewe akaapa kuwa hajaigusa. Tahadhari yao ina msingi. Lakini udanganyifu wa mmoja haufuti haki ya mwingine. Unachofanya ni kuonyesha tu jinsi ushahidi wa maandishi unavyohitajika kwa pande zote mbili.

Sheria tunazo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ambayo ni ya tangu enzi za mkoloni, inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kwa kazi yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeongeza ulinzi wa mlaji, ikataja masharti yanayohesabiwa kuwemo katika mkataba hata kama hayakuandikwa, pamoja na wajibu wa watengenezaji. Na Tume ya Ushindani imewekwa kuisimamia. Ila Tume haiwezi kuchunguza lalamiko lililoishia kijiweni.

Wenzetu wamekwenda mbele zaidi. Huko Marekani gari jipya lisilopona huitwa limau, na mwaka 1982 jimbo la Connecticut lilitunga sheria juu ya malimau hayo: likitengenezwa mara nne kwa kasoro ileile, au likikaa gereji kwa jumla ya siku 30, mnunuzi anaweza kudai jingine au fedha zake. Afrika ya Kusini, kwa sheria yao ya mwaka 2008, mlaji anaweza kurudisha bidhaa yenye kasoro ndani ya miezi 6, na gharama za kuirudisha ni za muuzaji. Neno hilo la gharama ndilo linalotuhusu sisi tulio zaidi ya kilomita 150 kutoka Dar es Salaam. Dhamana isiyogusa nauli ni dhamana ya wakazi wa mjini.

Sasa, ndugu watumishi, hapa ndipo penye sehemu yenu. Halmashauri inaponunua gari la wagonjwa, anayeandaa masharti ya zabuni ni mtumishi kama ninyi. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 tuliagana na foleni ya kivuko cha Ndundu, lakini gari lililolala karakana halivuki daraja lolote, na mama mjamzito anayesubiri kupelekwa Utete haponi kwa kuambiwa kuwa spea ipo njiani. Katika mkataba iandikwe kwamba fundi wa muuzaji atalifuata gari lilipo, na kwamba siku za matengenezo zitaongezwa katika muda wa dhamana. Muuzaji anayetaka fedha za Umma atatia sahihi. Vyama vya kuweka na kukopa navyo, vinavyolipia pikipiki nyingi kwa mwaka, vina nguvu ya kudai masharti hayohayo, nguvu ambayo mwalimu mmoja mmoja hana.

Nanyi walimu, chombo kisiachwe karakana bila hati ya mapokezi yenye tarehe, idadi ya kilomita, kasoro iliyoelezwa na sahihi ya aliyepokea. Wakikataa kuitoa, andikeni barua siku hiyohiyo na mbaki na nakala. Nimekuja na mfano wa barua hiyo kwa Kiswahili, nafasi za tarehe na namba ya chombo zimeachwa wazi. Ziko pale mezani kwa katibu. Anayehitaji achukue kabla ya kuondoka.