Kugawanya kwa Njia Ndefu: Kutoka Jinja Hadi Mbale
(Maneno ya walimu katika Siku ya Wakimbizi Duniani)



Tumepewa dakika chache tuseme juu ya hesabu. Tumechagua kugawanya, kwa sababu hapo ndipo watoto wetu waliotoka Kongo wanapoonekana wajinga, na sivyo walivyo.

Tuchukue safari ambayo wengi wenu mmeifanya. Kutoka Jinja hadi Mbale, kwa kupitia Iganga, Namutumba na Tirinyi, ni kama kilomita 145. (Anayezunguka Tororo atalipa zaidi na atachelewa.) Basi likienda kilomita 40 kwa saa, litatumia muda gani?

Tunagawanya 145 kwa 40. Inaingia mara 3, yaani 120, na baki ni 25. Hapa wengi huandika saa 3 na dakika 25. Hapana! Hiyo 25 si dakika, ni kilomita ambazo bado hazijasafiriwa. Tuzidishe 25 kwa 60, tupate 1500, tugawanye kwa 40: dakika 37 na nusu. Anayekungoja stendi ya Mbale atasimama dakika 12 na nusu zaidi ya ulivyomwambia.

Baki huamuliwa na swali lenyewe. Wanafunzi 100 wakipanda taksi za abiria 14, tunapata 7, baki 2. Taksi zitakazokodiwa ni 8, maana wale wawili hatuwaachi barabarani.

Sasa tuje kwenye jambo lililotuleta. Huko Kongo tulifundishwa kwa mtindo wa Kifaransa: namba inayogawa huandikwa mkono wa kuume, ng'ambo ya mstari uliosimama, na jibu chini yake. Wengi hutoa kwa kichwa, hiyo 120 hawaiandiki kabisa. Hapa Uganda namba inayogawa hukaa kushoto, na jibu hupanda juu. Hatua ni zilezile. Lakini mtoto akiandika kwa mkao wa kwao, tumeona akipigiwa mkasi daftari zima, kisha akarudishwa madarasa mawili nyuma. Miaka miwili ya mtoto, kwa sababu ya mstari!

Tena kuna alama ya mkato. Jibu letu kwa desimali ni saa 3.625. Mtoto wa Kongo ataandika 3,625, na mwalimu wa hapa atasoma elfu tatu mia sita ishirini na tano. Katika mtihani wa kumaliza darasa la saba msahihishaji hamjui mtoto, wala hatamwuliza alisoma wapi.

Kwa hiyo tunaiomba Kamati na wenzetu wa mashirika: kabla mtoto hajapangiwa darasa, aitwe ubaoni, afanye hesabu moja huku akieleza kwa lugha anayoijua. Nasi tutafundisha mkao wa hapa kila Jumamosi alasiri. Daftari za miraba zitatusaidia sana, namba zisihame safu.

Wazazi, mkalijaribu hili nyumbani pamoja na watoto: basi limetoka Mbale saa 2 asubuhi, linakwenda kilomita 50 kwa saa, likasimama nusu saa Iganga. Litafika Jinja saa ngapi? Tutalisahihisha Jumamosi, kwa mikao yote miwili.