Kalibu ya Zege na Mlango Wake wa Kutokea
Hotuba kwa wazee, walimu na mafundi wa Sudi



Nimeombwa niseme nanyi juu ya kalibu, yaani chombo kile ambacho zege hutiwa ndani yake, au hupakwa juu yake, likapata umbo. Huenda wengine watasema, "Habari ya kalibu ni habari ya mafundi, sisi yatuhusu nini?" Nami nitawajibu kwamba yamhusu kila mtu anywaye maji. Kisima cha mchanga kisichojengewa huporomoka, na mara nyingine humwangukia mchimbaji. Kisima kilicho wazi huingiza maji machafu ya mvua na vumbi la miguu ya wanyama. Na mvua yetu ya kusini, ianzayo Novemba au Desemba hata Aprili au Mei, hutiririka juu ya mabati ya nyumba ikaenda zake baharini, nasi tukiitazama tu kwa kukosa chombo cha kuiwekea. Kisha kiangazi kikifika, mama na watoto hubeba ndoo njia ndefu.

Vyombo vinavyotufaa katika jambo hili ni pete za kisima, mitungi, na matangi. Vyote vyaweza kufanywa kwa saruji, tena vyote vina uwazi ndani. Basi nataka mshike neno moja katika hotuba hii: kujaza kalibu ni kazi nyepesi, lakini kuitoa ndiyo kazi yenyewe. Fundi mwenye akili hufikiri kwanza jinsi kalibu yake itakavyotoka, kabla hajapima ubao wa kwanza. Asiyefikiri hivyo hujikuta amefunga mali yake ndani ya jiwe, na hana budi kuvunja moja ya mawili, kalibu au kazi.

Elimu hii si ngeni katika pwani yetu. Kamusi za zamani za Kiswahili hulieleza neno zege kuwa ni paa la mviringo, yaani kuba. Ndipo baadaye likawa jina la mchanganyiko wa saruji, mchanga na kokoto. Nendeni Kilwa Kisiwani mkautazame Msikiti Mkuu. Upande wa kusini wa msikiti ule uliongezwa katika karne ya 14, nao ukajengwa upya katika karne ya 15 kwa nguzo za pembe nane zinazobeba makuba na mapaa ya mviringo. Vitu vyake ni mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayo hayo. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na magofu ya mji ule yametiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981.

Sasa fikirini jinsi kuba inavyojengwa. Mawe na chokaa mbichi haviwezi kukaa hewani peke yake. Lazima chini yake pawe na kiunzi cha miti na mbao chenye umbo la kuba, kivibebe mpaka chokaa ishike, na chokaa hushika polepole kuliko saruji. Kisha kiunzi hicho hutolewa kipande kwa kipande kutoka chini, na kuba hubaki imesimama kwa nguvu yake. Kama kiunzi kingalifungwa kwa namna isiyofunguka, msikiti ungalibaki umejaa miti. Basi mafundi wale wa zamani walijua neno hili nisemalo leo, ijapokuwa hawakuwa na saruji wala chuma cha kiwandani.

Na tuje katika kazi zetu. Nitaanza na pete ya kisima, ambayo wengine huiita karavati kwa kuwa yafanana na ile ipitishayo maji chini ya barabara. Kalibu yake ni mapipa mawili ya bati nene yasiyo na kitako wala kifuniko, moja kubwa na moja dogo. Dogo husimamishwa katikati ya kubwa, na zege hutiwa katika nafasi iliyo kati yao. Pipa la nje halina shida: hukatwa vipande viwili, vikaungwa kwa bolti, nazo bolti zikifunguliwa vipande huachana na kwenda nje. Shida iko katika pipa la ndani. Hilo limezungukwa na zege pande zote, wala halina nafasi ya kutanuka. Njia yake ya kutoka ni moja tu, nayo ni kujikunja na kuwa dogo zaidi.

Kwa sababu hii pipa la ndani hupasuliwa kutoka juu hata chini, na katika mpasuko huo hutiwa kipande chembamba, mfano wa kabari, ambacho ndicho ufunguo wa kalibu. Angalieni sana umbo la kipande hicho. Upande wake utazamao katikati ya pipa uwe mpana, na upande ugusao zege uwe mwembamba, ili kikivutwa kwa ndani kije bila kukwama. Kikifanywa kinyume, zege litakishika, wala hakuna nyundo itakayokitoa. Kikishatoka, pipa hujikunja kidogo kwa ndani, nalo huinuliwa likiwa zima, tayari kwa pete ya kesho.

Hesabu yake ni hii, na walimu waweza kuwapa wanafunzi waihakikishe. Pete yenye uwazi wa meta 1, unene wa sentimeta 7.5 na kimo cha nusu meta, ina uzito wa kilo 300 hivi. Mchanganyiko ni saruji sehemu moja, mchanga sehemu mbili na kokoto sehemu nne, na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 watosha pete moja. Kisima cha meta 8 chataka pete 16. Pete ya kwanza huwekwa mahali pa kisima, na mchimbaji huchimba akiwa ndani yake. Kadiri anavyotoa udongo, pete hushuka kwa uzito wake, na nyingine huwekwa juu yake. Hivyo mchanga hauna nafasi ya kumwangukia. Pete za chini zaweza kufanywa kwa kokoto na saruji pasipo mchanga, ili maji yapenye. Za juu sharti ziwe nzito zisizopenyeka, ili uchafu wa juu usishuke. Tena choo kisiwe karibu na kisima kuliko meta 30.

Kazi ya namna hii imekwisha jaribiwa katika nchi yetu. Katika Shinyanga, mwaka 1974 hata 1978, mradi wa visima vifupi uliosaidiwa na Uholanzi ulitumia pete za zege. Huku kwetu, katika miaka ya 1970 na 1980, Serikali ikisaidiwa na Ufini ilijenga visima vifupi vya pampu za mkono katika mikoa ya Lindi na Mtwara. Wazee wengi mliopo hapa mwavikumbuka visima hivyo.

Lakini kisima kilicho karibu na bahari kina mpaka wake. Chini ya ardhi maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi. Ukichimba mno au ukiteka mno, chumvi hupanda. Kwa hiyo mtu wa pwani asitegemee kisima peke yake, bali ayakinge pia maji ya mvua.

Kwa kazi hiyo iko kalibu nyepesi kuliko zote, nayo ni gunia. Katika mwaka 1941 mjenzi mmoja wa Marekani, Wallace Neff, alijenga nyumba kwa kujaza upepo katika mfuko mkubwa wa mpira na kurushia zege juu yake. Zege liliposhika, upepo ulitolewa, mfuko ukasinyaa na kuvutwa nje kwa kupitia mlangoni. Sisi hatuhitaji mpira wala mashine. Gunia lililoshonwa kwa umbo la mtungi hujazwa pumba za mpunga au vumbi la msumeno, likasimamishwa juu ya kitako cha zege, na juu yake hupakwa lipu ya saruji sehemu moja na mchanga sehemu mbili, mara mbili, kila mara unene wa nusu sentimeta au zaidi kidogo. Fundi hupima unene kwa kuchoma msumari. Baada ya saa 24 pumba huchotwa kwa mdomo wa mtungi, gunia husinyaa, nalo huvutwa nje. Shirika la UNICEF lilifundisha mtungi wa namna hii, wa lita 250, katika kituo chake cha ufundi wa vijijini huko Karen, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970.

Mtungi wa lita 250, mkitumia lita 10 kila siku kwa kunywa na kupika, hutosha siku 25. Ni msaada, lakini haupitishi kiangazi. Tangi la lita 5,000, mkitumia lita 25 kila siku, hutosha siku 200. Je, maji ya kulijaza yapo? Mvua ya milimeta moja juu ya meta moja ya mraba ni lita moja. Paa la bati la meta 6 kwa 5 lina meta za mraba 30. Basi mvua ya milimeta 210 kwa jumla, hata tukiondoa sehemu moja ya tano kwa maji yanayopotea, yatosha kulijaza. Mvua ya namna hiyo hupita mara kadhaa katika masika ya mwaka mmoja.

Tangi kama hilo lina upana wa meta 2 na kimo cha meta 1.6. Kalibu yake hufanywa kwa mabati yaliyopindwa na kuungwa kwa vyuma vya pembe, na kati ya kipande na kipande hutiwa kabari. Juu yake huzungushwa wavu wa kuku na waya, kisha hupigwa lipu ya moja kwa tatu. Lipu ikishashika, kabari hutolewa kwanza, na vipande hulegea. Hapa neno letu hurudi kwa nguvu. Ikiwa tangi litafunikwa kwa zege na kuachiwa mlango wa sentimeta 60, basi kila kipande cha kalibu, pamoja na kila ubao uliobeba kifuniko, sharti kiwe chembamba kuliko sentimeta 60. Kipimo cha mlango ndicho kipimo cha kalibu. Wala mtu asiingie ndani peke yake. Mwenziwe na awe juu, na kamba mkononi.

Tena kuna mambo manne ya kuangalia. Kwanza, mchanga wa baharini na maji ya chumvi visitumike, kwa maana chumvi hula chuma. Pili, kalibu ipakwe sabuni iliyoyeyushwa au mafuta ya kula kabla ya kutiwa zege. Mafuta machafu ya motokaa hayafai kwa chombo cha maji ya kunywa. Kalibu ya mbao ilowanishwe kwanza, la sivyo itakunywa maji ya zege, itavimba na kukwama. Tatu, watu wengi hudhani saruji huwa ngumu kwa kukauka. Sivyo, huwa ngumu kwa kuungana na maji. Kwa hiyo kazi ifunikwe kwa magunia na kunyeshewa kila siku, kwa muda wa siku 7 au zaidi. Nne, msifanye haraka. Kalibu ya ubavuni, kama ile ya pete, yaweza kutolewa siku ya pili, lakini pete yenyewe isiinuliwe kabla ya siku 7. Kalibu iliyo chini ya dari au kifuniko ikae siku 14 kwa uchache, na dari ikiwa pana ikae zaidi ya hapo. Aitoaye kabla ya wakati huhatarisha roho ya mtu kwa ajili ya kuokoa siku chache.

Neno langu la mwisho ni kwenu wakubwa wa vijiji. Mtu mmoja akinunua kalibu ya chuma kwa kisima chake peke yake, atapata hasara, kwa kuwa baada ya pete 16 italala uani na kupata kutu. Lakini kalibu moja hutoa pete moja kila siku. Tangu Juni hata Oktoba ni siku 150 na zaidi. Kwa hesabu hiyo kalibu moja yatosha visima 9 katika kiangazi kimoja. Basi yafaa vijiji viwili vitatu vishirikiane. Fundi mmoja awe mlinzi wake, aisafishe kila jioni zege lingali bichi, maana kalibu iliyopindika au yenye magamba ya saruji haitatoka tena. Mwalimu aweke daftari, aandike ni nani aliyeichukua, siku gani, na imerudi katika hali gani. Kila aitumiaye atoe kitu kidogo kwa matengenezo, ikiwa ni fedha au mfuko wa saruji. Kitu cha wote kisicho na daftari hakikawii kuwa si cha mtu yeyote.

Haba na haba hujaza kibaba. Kalibu ikitunzwa, pete hufuata pete, na kisima hukamilika kabla ya mvua za kwanza. Sasa mafundi na waje mbele waitazame kalibu hii ya pete, waifungue na kuifunga kwa mikono yao wenyewe.